Gia Nane Kati ya Tisa

Nilikutana tena na Mzee Okumu kwenye harusi, pale Kabianga, chini ya hema la kukodi, na kabla hajaniuliza kama nimeolewa aliniuliza, "Nane ya tisa bado inatembea?" Watu wa meza yetu walidhani tunaongea mambo ya Biblia. Mama mmoja hata alifungua kipochi atoe miwani, atafute mstari huo. Nilicheka mpaka wali ukanipalia, Mzee akanigonga mgongoni kwa kiganja chake, na hapo nikajua hajazeeka sana, maana kiganja kile kilikuwa kizito kama zamani. Nilimwambia fremu ya baiskeli ilikatika, kwamba ilichomewa mara mbili na mara ya tatu ikakataa kabisa. Alivua kofia, vile mtu hufanya akipewa habari ya marehemu aliyemjua. Halafu akaniuliza ni nani aliyechomea, na nilipomtajia jina akavaa kofia yake tena. "Basi hicho si kifo cha Mungu," alisema. "Hayo ni mauaji."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiukumbuka ule mwaka, hasa nikiwa peke yangu dukani na hakuna mteja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na chumba kimoja cha mbao huko Boito. Gredi yangu ya fomu foo ilikuwa ya kunong'onezana, lakini sikuwa na huzuni, sijui kwa nini. Nilikuwa na ndoto nyingi kuliko sufuria. Ndoto kubwa ilikuwa baiskeli ishirini za njano za kubeba maziwa, kila moja na kengele yake, na mimi nimekaa ofisini na simu mbili. Kwa wakati huo nilikuwa na baiskeli moja ya mtumba, rangi yake haijulikani, yenye gia saba nyuma. Mbele ilibaki sahani moja tu ya meno. Zile nyingine aliyeniuzia alikuwa amezitoa, akaziuza kando. Chumba changu kilipakana na cha Mzee Okumu na mkewe, Mama Akinyi, watu wa upande wa ziwa waliokuja huku kwetu wakiwa vijana kufanya kazi ya majani chai. Mzee alikuwa amestaafu kutoka karakana ya kiwanda, na sasa alitengeneza baiskeli barazani. Ukuta kati yetu ulikuwa ubao mmoja mwembamba, kwa hivyo nilijua wanapika nini, wanaomba nini, na nani amemkosea nani. Nao walijua yangu yote. Asubuhi nikiimba nikivaa gambuti, Mama Akinyi aliitikia sauti ya pili huko kwao huku akiwasha jiko. Yeye aliniita nyar Boito, binti wa Boito, na alikuwa ameapa kwamba mwaka huo hautaisha kabla sijajifunza kula omena, wale dagaa wa ziwani. "Hizo macho zake zinaniangalia, Mama Akinyi," nilimwambia. "Na wewe angalia kando, umeze," akasema.

Kazi yangu ilikuwa kushuka bondeni alfajiri, kukusanya maziwa ya wamama watano, na kuyapandisha hadi kituo cha maziwa, penye tangi la kupoza. Kituo kilifunguliwa kila siku ila Jumapili, saa moja na nusu, na kufungwa saa tatu, na kati ya bonde na kituo kulikuwa na mlima unaoitwa Punda, kwa sababu hata punda akifika hapo husimama kwanza akafikiria. Wakati wa mvua ndefu watu wa bodaboda hawakushuka kule kwa sababu ya matope. Nilikuwa nimebaki mimi, na mikebe miwili ya alumini, mmoja kila upande: mmoja wa wamama wanne, mwingine wa yule wa tano peke yake. Wa mwisho kule chini, karibu na mto, alikuwa Kogo Rael. Kogo ni nyanya, ingawa hakuwa nyanya yangu. Bondeni kote aliitwa hivyo. Ukimwuliza ana ng'ombe wangapi alikuambia "wako", kwa sababu kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo, lakini kila mtu aliona kwamba ni mmoja, mwekundu, mwenye pembe moja iliyoinama. Maziwa ya huyo mmoja ndiyo yaliyomnunulia Kogo dawa za presha alizoandikiwa hospitali ya Longisa. Mguu wake mbaya haungeweza ule mlima. Alikuwa amenipa mkebe wake siku ya kwanza kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mwenzake mtoto ambebe.

Sasa mlima Punda na gia saba havikuelewana. Ile gia yangu nyepesi kabisa ilikuwa bado nzito. Ningefika nusu ya mlima, miguu inakataa, ninashuka, nasukuma, matope yanashika gurudumu, na jua linapanda kunishinda mimi. Mwezi wa nne nilifika kituoni saa tatu kasoro, na Bett, kijana wa kupima, alipochanganya maziwa yangu na spiriti katika kile kifaa chake yakaganda vipande vipande, alama kwamba yameanza kuchacha. Yakarudishwa. Sheria ya kituo ilikuwa mara tatu: mchukuzi akirudishiwa mzigo mara tatu, jina lake linafutwa, na njia yake inakufa mpaka apatikane mwingine. Kwa bonde lile, hakukuwa na mwingine.

Hapo nikafanya kosa ambalo nadhani ni Mkipsigis tu anaweza kulifanya. Nilijiambia, kwani kwetu maziwa huwekwa vipi yakae? Si moshi? Nikaenda nikakata kijiti cha mti wa senetwet, nikakichoma, nikasugua ndani ya mikebe yote miwili na makaa yake, vile tunavyofanya kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, taratibu, mpaka chini. Nilijisikia mwerevu sana. Maziwa hayakuganda siku hiyo, hapana. Lakini Bett alifungua kifuniko, akanusa, akanitazama.

"Chepkirui, hii ni maziwa ama ni mursik?"

"Ni maziwa. Nimeyalinda tu."

"Dada yangu, hili gari linaenda kiwandani, haliendi kwa mahari."

Waliokuwa kwenye foleni walicheka, hata mimi nilicheka kidogo, halafu akaandika mara ya pili kando ya jina langu na kicheko kikaniisha. Nilirudi bondeni na mikebe ikiwa imejaa. Nilitarajia Kogo Rael anigombeze. Alichovya kikombe, akaonja, akafunga macho. "Senetwet?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Umepaka vizuri," akasema. "Nani alikufundisha?" Kisha akaketi kwenye kigogo chake, akasema bila kuniangalia, "Hawa wa hospitali hawawezi kunipa dawa kwa mursik, lakwet." Lakwet ni mtoto. Angenichapa na fimbo ningeumia kidogo kuliko neno hilo. Niliamua papo hapo kwamba shida haikuwa maziwa, ilikuwa gia. Kama saba zimeshindwa, tisa zitaweza. Hesabu niliyoijua ilikuwa hiyo tu.

Jumamosi nilifungua gurudumu la nyuma, nikatoa na kile kibonyezo cha gia cha kwenye usukani, nikaenda navyo Kericho kwa wauza vipuri vya mtumba, gurudumu nimelipakata kama karai. Sikumwambia Mzee Okumu. Jumamosi ilikuwa Sabato yake, hakugusa spana, na tena nilitaka kumshangaza. Muuzaji mmoja alikuwa na rundo zima la gia tisa, lile linaloitwa kaseti, linang'aa, na duara lake kubwa lilikuwa pana kama sahani ya chai. Nikaliona tu nikauona mlima Punda umelala chini. Alikuwa na kibonyezo chake pia, cha tisa. "Itaingia kwa gurudumu langu?" nikauliza. "Kaseti ni kaseti, dada," akasema. Mawingu yalikuwa yameshuka na alitaka kufunika vitu vyake. Akang'oa kaseti yangu ya saba, akaitupa kwenye sanduku lake pamoja na kibonyezo changu cha zamani, ndiyo ilikuwa nyongeza ya bei, akanifungia ile mpya kwa gazeti. Nilirudi Boito nikiimba. Niliwaambia watu watatu njiani kwamba sasa mimi ni gia tisa.

Jumapili nilipotoka kanisani nilikuta Mzee Okumu ametandaza gunia barazani, na gurudumu langu liko juu yake, na zile gia tisa zimetolewa kwenye gazeti. Nilikuwa nimeviacha hapo asubuhi na ujumbe kwa Mama Akinyi kwamba aniwekee tu, ni kazi ndogo. Mzee hakusema kitu. Aliingia ndani. Niliingia kwangu kubadilisha nguo, na kupitia ule ubao nikawasikia.

"Mwambie," alisema Mama Akinyi.

"Nitamwambia."

"Unangoja nini?"

"Ameshakula?"

"Atakula saa ngapi na ametoka kanisani sasa hivi?"

"Basi ale kwanza. Habari kama hii haiingii kwa tumbo tupu."

Nilisimama na gauni nimelishika mkononi. Halafu Mama Akinyi akaniita kwa sauti ya furaha ambayo haikuwa yake, na nikaenda, na kulikuwa na ugali wa wimbi, sukuma, na bakuli la omena wa kukaangwa na nyanya. Sikutaja macho yao. Nilikula omena wote, nikaramba vidole, nao wakanitazama nikila kama watu wanaomtazama mgonjwa akimeza dawa. Mpaka leo, nikiulizwa ni nani walionilea baada ya kutoka nyumbani, ninaiona ile meza na kitambaa chake cha plastiki, na watu wawili ambao walijua jambo baya kuhusu mimi na wakaona kwanza nishibe. Sijawahi kuwashukuru kwa hilo, kwa sababu hawakujua kwamba niliwasikia.

"Habu yako ni fupi," alisema Mzee Okumu nilipomaliza. Tulitoka barazani. Akachukua rundo la gia tisa akalitelezesha kwenye hiyo habu, lile bomba la katikati ya gurudumu linaloshika gia. Ziliingia moja, mbili, tano, saba, halafu zile ndogo za nje zikabaki zinaning'inia hewani, na ile nati ya kufungia haikuwa na mahali pa kuuma. "Hiki ni kitanda cha watu saba. Umeleta wageni tisa."

"Si tupige kidogo na nyundo?"

"Piga kichwa chako kwanza."

Mama Akinyi alikuwa mlangoni anakausha vyombo. "Usimtukane mtoto wa watu Jumapili yake."

"Simtukani. Namfundisha. Chepkirui, njoo uguse."

Hii ilikuwa desturi yake ya kiwandani. Alinieleza kwamba pale karakana, ambapo majani ya chai hupita juu ya mikanda na cheni mchana na usiku, fundi hakuruhusiwa kubadilisha kifaa chochote kabla hajaweka kidole juu ya kila kitu kinachoguswa na kifaa hicho, na kukitaja kwa sauti, mbele ya mwenzake. Walikuita kusalimia majirani. Ukiruka jirani mmoja, mashine inasimama na majani yanaoza. Kwa hivyo nilichuchumaa kando ya gunia nikasalimia majirani wa kaseti yangu, mmoja mmoja. Habu: fupi. Cheni: nilisema hiyo iko sawa, ni ile ile. Akatikisa kichwa, akaweka cheni yangu ya zamani juu ya gia mpya, na nikaona mwenyewe. Gia zikiwa nyingi hukaa karibu karibu, hazina nafasi, na cheni ya saba ni nene. Ilikuwa imekaa kwenye jino moja huku ubavu wake unasugua jino la jirani. Kibonyezo: hicho nilikuwa nimebahatika, kila ukikibonyeza kinavuta waya hatua fupi, za tisa. Kile cha saba kingevuta hatua ndefu na cheni ingeruka jirani. Na ule mkono wa gia, unaoning'inia nyuma na kuhamisha cheni? Sasa niliogopa kila kitu. "Huyo hana shida," alisema Mzee. "Huyo anafuata waya tu. Wa saba na wa tisa, wa namna hii, ni ndugu."

Nilihesabu nilichokuwa nacho. Gia tisa zisizoingia, cheni isiyofaa, na zile saba zangu ziko kwenye sanduku la mtu Kericho. Kesho ilikuwa Jumatatu. Kogo Rael angekamua saa kumi na moja alfajiri na kunitazamia barabarani. Nililia. Sioni haya kuandika hivyo. Nililia na pua yangu ikatoka, na Mama Akinyi akanipa ile ile taulo ya vyombo.

"Mzee," nikasema, "kama ni wageni tisa, si mmoja alale chini?"

Nilisema tu kwa uchungu, vile mtu huropoka. Lakini akaanza kuzitoa gia kwenye bomba polepole. Kila gia ilitenganishwa na mwenzake kwa kipete chembamba. Zile kubwa zilikuwa zimefungwa pamoja, lakini zile ndogo za nje zilikuwa huru. Akatoa ya pili kutoka nje na kipete chake, akairudisha ile ndogo ya mwisho mahali pake, na akajaribu nati. Ikauma. Akaizungusha, ikauma uzi wa pili, wa tatu, ikakaza. Tulitazamana. "Nane," akasema. "Nane kati ya tisa. Zimebanana vizuri kwa sababu za tisa ni nyembamba. Nane za kawaida zisingeingia."

"Lakini niliwaambia watu ni gia tisa."

"Nani atahesabu, ng'ombe?"

"Na tukitoa ile kubwa, tuache hizi ndogo? Hizi ndizo za mbio."

Aliweka spana chini. Najua aliona zile baiskeli ishirini za njano machoni mwangu, na mimi mbele yao nikishuka kwa kasi, kengele zinalia. "Unataka kushuka kwa mbio," akauliza, "ama unataka kupanda na maziwa?" Nikasema kupanda. "Basi kubwa inabaki."

Ilibaki cheni. Boito nzima Jumapili hakukuwa na cheni nyembamba, na hata Jumatatu ingekuwa bahati. Mzee Okumu alisimama, akashika kiuno, akaenda ukutani ambako ilining'inia baiskeli yake mwenyewe, ile waliyompa wenzake wa karakana alipostaafu, nyeusi, na gia tisa za haki. Hakuniangalia. Alishika kile kifaa cha kukata cheni, akasukuma pini, na cheni ikaanguka mkononi mwake kama nyoka aliyelala.

"Baba Akinyi," alisema mkewe, "na kanisani utaenda na nini?"

"Na miguu. Yesu alienda na nini?"

"Yesu hakuwa na goti kama lako."

"Basi ataniombea."

Nilitaka kushika spana nisaidie, lakini Mama Akinyi akaniondoa mkono. "Sabato yetu ilikuwa jana, yako ni leo. Wewe shika tochi tu. Tochi si kazi." Kwa hivyo nilishika tochi pale barazani, mchana kweupe, mpaka alipomaliza. Alinionyesha kwamba kibonyezo kitanipa hatua tisa na gia ni nane, hivyo moja itakuwa ya bure, na akakaza parafujo ndogo ya mkono wa gia ili cheni isivuke kuanguka. "Ukisikia umebonyeza na hakuna kilichotokea, usilazimishe," alisema. Alitembea kwa miguu kwenda kanisani mvua yote ile, mpaka nilipopata cheni nyingine mwezi wa saba, na hakuna Sabato hata moja aliyonitajia cheni yake.

Siku hizi nina duka dogo la vipuri. Baiskeli za njano ziko tatu, si ishirini, na kengele ni moja. Wateja wakija na gurudumu mkononi wakiniambia wanataka kuongeza gia, nawafanya wachuchumae wasalimie majirani, na wengine hunichukia kwa hilo, wananiona ninawachelewesha. Nawaelewa. Mtu akiwa na ndoto hapendi kuulizwa habari ya habu. Mimi niliulizwa na mtu ambaye tayari alikuwa amenilisha, na nadhani ndiyo sababu nilisikia.

Jumatatu ile nilishuka bondeni kukiwa bado na ukungu, na Kogo Rael alikuwa amesimama barabarani na mkebe wake. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akainama akatazama gurudumu la nyuma, ingawa sikuwa nimemwambia lolote.

"Umeosha mikebe?"

"Kwa maji moto, Kogo. Hakuna moshi."

"Haya." Akanipa maziwa yake kwa mikono miwili, vile vile kama siku ya kwanza, na hakusema neno la presha wala la mara ya tatu, wala mimi sikusema. Nikaanza kupanda. Chini ya mlima nilibonyeza mara moja, cheni ikapanda. Mara ya pili, ikapanda. Matope yalipoanza nilibonyeza mpaka ile kubwa, na miguu yangu ikaanza kuzunguka haraka, na baiskeli ikawa inaenda polepole sana, polepole hata kunguru mmoja alitembea kando yangu kwa muda, lakini ilikuwa inaenda. Nilipofika pale ninaposhukaga kila siku, miguu ilingoja nishuke. Sikushuka. Nilipita jiwe, nikapita mti uliolala, nikapita mahali ambapo sikuwahi kupaona nikiwa nimeketi, na mikebe haikumwaga hata tone. Juu kabisa nilikuwa ninahema kama mbwa, ninacheka peke yangu.

Kituo kilikuwa kimefungwa. Nilidhani nimechelewa, mpaka nikaona kufuli na sakafu kavu isiyo na alama ya kiatu. Nilikuwa nimefika kabla yao. Nikakaa kwenye ngazi ya saruji, mikebe kando yangu, nikangoja, na sijawahi kungoja mahali nikiwa na furaha namna ile. Bett akaja na funguo zake, akasimama.

"Leo ni Jumatatu, ama nimelala mpaka Jumanne?"

"Fungua, Bett."

Alifungua. Akanusa mkebe wa kwanza, akanusa tena, akachukua kile kifaa chake cha spiriti, akachanganya, akainua juu kwenye mwanga wa mlango. Nilitazama kioo kile kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kutazama uso wa mtu. Maziwa yalitiririka pembeni ya kioo, laini, hayana hata kipande.

"Mimina," akasema.

Nikamimina ya Kogo Rael kwanza.